Kofia Mbele ya Lenzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyesha picha hata moja. Fundi Mkuu pale Kisumu alinipa kitambaa, akaniambia nifute lenzi, na nilipomaliza akaitazama na kusema nianze upya. Mimi ni Mkuria wa mpakani na ubishi ninao wa kuzaliwa, lakini nilifuta mpaka saa kumi. Sinema ya gari, iliyozunguka mji hadi mji, ilitaka mtu wa kufuta na kufunga mizigo kuliko mtu wa kuonyesha picha.

Kutoka Kisumu nilihamishiwa Homa Bay, chini ya Bwana Mkaguzi. Alikuwa mtu wa haki, ila alizipenda amri zake. Moja ilihusu kofia. Rili, yaani gurudumu la utepe wa picha, ikifika mahali pasipofaa kuonyeshwa, huwezi kusimamisha projekta, kwa sababu joto la taa litauchoma utepe papo hapo. Basi fundi alivua kofia yake kichwani, akaiweka mbele ya lenzi, akahesabu, akaiondoa. Tuliifanya kazi hiyo bila kufikiri.

Mwezi wa Desemba, mwaka wa pili baada ya Uhuru, tulipewa filamu ya vita vya Burma. Tuliionyesha mchana ndani ya ghala la pamba, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Mji ulikuwa umejaa watu waliokuja kununua vitu vya Krismasi, wakaingia na vifurushi vya sukari na viatu vya watoto. Bwana Mkaguzi akaninong'oneza, "Chacha, hawa wako kwenye sikukuu. Pale mtoni, kofia."

Pale mtoni askari wetu walivuka maji wakiwa na majeruhi kwenye machela. Niliweka kofia. Lakini kofia haizuii sauti. Mabomu yalilia gizani, askari wakalia pia, na nilipoiondoa mto ulikuwa mtupu.

Mama mmoja akasimama. "Wewe wa mashine, toa hiyo kitu. Bwana yangu alikuwa hapo."

Alikuwa Min Atieno, yaani mama yake Atieno, wa Kosele. Alikuja na binti yake huyo, msichana mkubwa, kununua kitambaa cha nguo ya Krismasi. Mumewe alikwenda vitani Atieno akiwa bado ananyonya, na habari zake zikakatika. Kwa desturi ya Waluo, mtu akipotea mbali huzikwa tunda refu la mti wa yago mahali pa mwili wake. Shemeji zake walitaka hivyo miaka yote, naye akakataa. Krismasi hiyo walikuwa wameapa kuzika, akubali asikubali.

Baada ya onyesho nilimkuta kando ya gari letu. Nikamwambia kweli, "Mama, nimeukagua utepe ule picha kwa picha. Uso wake hauonekani."

"Mimi sikuolewa na uso. Alikuwa anabeba na bega ya kushoto, mkono ya kulia anashika kiuno. Nimeona."

"Basi aliyebeba hivyo alianguka, mama. Pole."

"Kuambiwa nimeambiwa miaka mingi. Mimi siziki mtu sijaona akianguka. Kesho mnaonyesha wapi?"

"Migori."

"Atieno," akamwambia bintiye, "hatununui kitu leo. Kesho tuko Migori."

Nilidhani ni maneno ya uchungu tu. Kesho yake mchana, katika ukumbi wa soko la Migori, nilimwona ameketi mbele kabisa, viatu vimejaa vumbi.

Rili ikafika mtoni. "Chacha, kofia," Bwana Mkaguzi akasema.

Niliivua, nikaiweka kwenye kiti, nikaikalia. Kazi nilikuwa naipenda, na nilijua naweza kuipoteza.

Bomu lilipiga ukingo wa mto. Yule wa nyuma, aliyebeba kwa bega la kushoto, akapiga magoti, akaishusha machela polepole majeruhi asidondoke, ndipo akalala kifudifudi majini. Hakuinuka.

"Ee," Min Atieno akasema. "Ni yeye."

Baadaye niliwasindikiza dukani. Mwenye duka alitandaza vitambaa vyenye maua. Min Atieno akavisukuma kando. "Nipe blanketi. Ya mtu mzima."

"Nguo yangu ya mwaka jana bado iko sawa, Mama," Atieno akasema.

Yago lilizikwa likiwa ndani ya blanketi hilo. Mimi nilipata barua ya onyo. Bwana Mkaguzi aliniuliza kama ningerudia, nikamjibu ndiyo. Akaitia barua kwenye faili langu, na hakuniambia tena habari za kofia.

Sasa nimestaafu. Nyinyi mnaoonyesha picha siku hizi hamjui rili wala joto la taa, na sioni haja ya kuwasumbua nayo. Hili tu nawaambia: msimfiche mtu msiba wake mkidhani mnamhurumia. Huenda ndio alioutafuta.

Min Atieno alipofariki, Atieno aliniita Kosele. Walimzika upande wa kushoto wa kaburi la yago, mahali pa mke kwa mumewe. Nilifika na kofia ile ile, ingali imebonyea, nikaivua kabla sijaingia bomani.