Mkufunzi na Mama Mkwe

Mume wangu Absalom Wepukhulu aliigiza kwa miaka ishirini na miwili, na kama kuna mtu wa Bungoma aliyemwona akiigiza chifu mlevi asicheke, basi mtu huyo akapimwe hospitali. Lakini kicheko hakijazi sufuria. Baada ya vurugu za uchaguzi, hakuna aliyetaka tena michezo yake. Mwaka 2009, akiwa na miaka arobaini na sita, shirika moja la Kitale lilimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu awe mkufunzi: awafundishe watu wa makabila na dini mbalimbali kuheshimu mila za wenzao.

Alirudi kutoka Kitale na kabrasha nene na uso wa mtu aliyepotea sokoni.

“Jentrix, mimi hata sielewi,” aliniambia. “Jukwaani najua mimi ni nani. Huku ati niwe mimi mwenyewe, lakini niseme yale wameandika.”

“Si useme tu, bana. Watoto wanangoja karo.”

Maneno hayo ni yangu, na nayajutia.

Mafunzo yake ya kwanza yalifanyika katika ukumbi wa kanisa pale Kanduyi. Mimi nilipewa kazi ya chai. Walikuja Kiptanui na wenzake kutoka Kachibora, Sumeya na akina mama wa msikitini, na wakulima wa Sirisia. Nyuma kabisa aliketi mkubwa wake, Wahu, kalamu mkononi. Yeye ndiye angeamua kama Absalom ataajiriwa.

Nikawatazama vizuri wale wa Sirisia. Mama yangu, Nabwile, alikuwa kati yao! Kikundi chake cha akina mama kilimtuma, na hakuna aliyetuambia.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Si ugomvi; ndiyo heshima yenyewe. Na zoezi la kwanza la kabrasha lilikuwa mkufunzi ashike mkono wa kila mtu, amtazame machoni, ataje jina lake mwenyewe.

Absalom akazunguka. Sumeya aliweka mkono kifuani, naye akafanya vivyo hivyo, maana kabrasha lilikuwa na ukurasa mzima juu ya Waislamu. Juu ya wakwe halikuwa na hata mstari. Alipofika kwa mama, mama aligeukia ukuta. Absalom akasimama. Akanitazama mimi na birika langu, akamtazama Wahu. Ningeliangusha birika lile, yote yangeishia hapo, lakini nilikauka kama nguzo. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, ule uso anaouvaa mchezo unapoanza. Akaushika mkono wa mama.

“Mimi naitwa Absalom.”

Watu wa Sirisia wakaguna. Mama akajifunika leso usoni, akatoka bila kunywa chai. Wahu akamuuliza mkulima mmoja kuna nini, kisha akaandika.

Barua ilikuja wiki iliyofuata. Ameajiriwa, kwa kuwa ameonyesha ujasiri wa kuvuka mipaka ya mila. Absalom aliisoma mara tatu.

“Sasa nimepita ama nimeanguka?”

Nikampa kalamu atie sahihi. Tuliwatuma wazee Sirisia kuomba radhi. Mama aliwakaribisha, akawapikia kuku, akasema yameisha.

Mwezi wa Desemba alikuja kututembelea. Kwa miaka kumi na tisa, mama akija kwangu alisimama langoni na kuuliza, “Mwanangu yuko?” ili Absalom apate kutokea mlango wa nyuma, wasikutane. Siku hiyo hakusimama. Aliingia moja kwa moja hadi sebuleni, Absalom akiwa anakula, akaketi mbele yake na kumtazama usoni. Kisha akamnyooshea mkono, kama anavyomnyooshea mtu yeyote asiye mkwe wake.

“Habari ya kazi, Mwalimu?”