Mkanda wa Gari Jeupe

Juzi, nikikagua gari lililotumika mjini Mpanda, niliuvuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Harufu ya marashi mle ndani ilinirudisha kwenye mchana ule nilipoongozana na baba kwenda kununua gari.

Mama alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia ilimharibikia njiani, juu ya bodaboda, akitoka kwetu Mwamkulu. Baba aliapa kwamba safari hii angempeleka hospitali kwa gari.

Dalali alituonyesha gari jeupe linalong'aa. "Mzee, hii gari haijawahi kuingia gereji," alisema akicheka. Baba hakucheka. Aliinamisha pua kwenye zulia lililopuliziwa marashi, akanusa, kisha akauvuta mkanda polepole mpaka ukaisha. Mwishoni palikuwa na doa la kahawia.

Shuleni tulikuwa tukiambizana kwamba magari yaliyoua watu huletwa kuuzwa huku kwetu. Nikajua ile ni damu. Nikang'ang'ania shati la baba, nikilia kwamba marehemu bado amekaa pale.

Baba alilikwangua doa kwa ukucha. "Ni tope, mwanangu. Hii gari ilizama kwenye mafuriko. Inaweza kuzima popote."

Nilifurahi mno. Tope tu! Nikafuta machozi, nikamwambia, "Basi tuinunue, baba."

Baba aliendelea kuutazama ule mkanda, na sasa najua alichokuwa akikiona akilini: gari limezima katikati ya mashamba ya mpunga, mvua inanyesha, na mama yuko kiti cha nyuma, ameushika mkanda kwa mikono miwili.