Mzamiaji wa Itetemia

Neno moja tu lilitosha kuitia matanga nyumba ya mzee Luhende, kule Itetemia, na wala hakuna aliyekufa. Neno lenyewe ni "mzamiaji".

Elieth, binti yake wa mwisho, ni fundi wa kuchomelea. Alianza na mageti na madirisha ya watu wa Ipuli, mpaka bwana mmoja aliyeupenda mkono wake akamwita Tanga. Huko kampuni fulani ilikuwa imenunua feri chakavu, ikataka kuizamisha makusudi ili iwe makazi ya samaki. Kazi ya Elieth ilikuwa kung'oa milango na kukata matundu mapana ubavuni, wapiga mbizi wasije wakanaswa ndani. Feri ikazamishwa. Samaki wakaja, na nyuma yao watalii. Basi Elieth, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Igombe, akafundishwa kubeba mtungi wa hewa mgongoni. Feri aliijua chumba kwa chumba, kwa hiyo akapewa kazi ya kuwaongoza wageni humo ndani.

Siku alipofaulu mafunzo ya kuzamia alimpigia mama yake. Mtandao ulikuwa unakatakata.

"Mama, furahi! Sasa mimi ni mzamiaji wa meli!"

Jamani, Elieth naye! Mama wengine ungewaambia hivyo, lakini si Mama Silasi. Silasi, kifungua mimba wake, aliondoka zamani kwa kujificha ndani ya meli ya mizigo bandarini Dar es Salaam, na tangu hapo hajaonekana wala hajasikika. Mtu wa namna hiyo mtaani huitwa nani? Mzamiaji. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama alikata simu akapiga yowe, na majirani wakajaa uani.

Elieth alipiga tena na tena, simu haikupokelewa. Akaomba ruhusa kazini, akapanda basi. Alipoingia uani aliwakuta wanawake wameketi mkekani, sufuria la uji liko jikoni, na jirani mmoja anaongoza pambio.

"Shikamooni."

Pambio likakatikia njiani. Alipowaeleza kazi yake, walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaunywa uji wote. Mama hakucheka.

Mzee Luhende ni mrina asali, na yeye alielewa upesi. "Kumbe mmetundika mzinga," alisema. "Sisi tunautundika mtupu juu ya mti, nyuki wanakuja wenyewe. Ninyi mmeutundika chini."

"Ndivyo, baba! Sasa wamo changu, wamo chewa wakubwa kama mbuzi."

"Na hawaumi?"

"Hawaumi."

"Basi umenizidi, mimi wangu wananiuma."

Mama aliyasikia yote hayo akichambua mchele. Siku zikapita hivyo, anapika, anamwandalia binti yake, anamwitikia marahaba, lakini kuhusu safari ya kurudi Tanga hasemi ndiyo wala hapana. Elieth aliumia. Kazi aliipenda kwa moyo wake wote, ila radhi ni bora kuliko mali, na kuondoka mama akiwa amenuna hakuweza. Silasi ndiye aliyeondoka bila kuaga.

Asubuhi ya kuondoka alikwenda kupiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nakwenda. Nipe radhi."

"Kwenye meli yenu hiyo," mama akauliza, "unaingia vyumba vyote?"

"Vyote, mama."

"Hata kule chini kabisa, kwenye mashine? Wanasema ndiko wazamiaji wanakojificha."

Elieth angeweza kumwambia kwamba feri ile ilikaguliwa kabla ya kuzamishwa, kwamba haikuwahi kutoka nje ya nchi, kwamba Silasi hakupanda meli ile. Mama alikuwa ameambiwa yote hayo, na mama si mjinga.

"Hata kule, mama."

"Unamulika vizuri?"

"Namulika kila pembe. Hakuna mtu."

Mama alishusha pumzi ndefu, akamwekea binti yake mkono kichwani.

"Nenda, mwanangu. Uendelee kumulika."