Fundi Saa na Maji ya Baba

Mtaani walimwita Fundi Saa, na kwa saa, usimwambie kitu. Enzi zile kila mtu alikuwa na saa mkononi, na kibanda chake hakikukauka watu. Kioo cha kukuzia alikibana kwenye jicho la kulia, na kwa kuwa miwani ilimsumbua, alinunua lenzi laini za kuvaa machoni. Kila asubuhi alizisuuza kwa maji ya tangi la juu ya paa.

Tangi hilo alilijenga baba yake kwa saruji, yeye akiwa mtoto wa kubeba kokoto. Na maji yake, jamani! Baridi, matamu, majirani walipita makusudi kuomba kikombe. Fundi Saa akiyanywa alirudi utotoni, akawa tena yule mtoto mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, anayeitwa na baba yake aonje wa kwanza.

Basi jicho la kulia likaanza kuuma. Maumivu gani yale! Mwanga ulimchoma, machozi yakamtiririka, saa za watu zikalala mezani. Daktari wa macho alimuuliza lenzi anazisafishia nini. Akajibu, bila haya, kwamba ni dawa ya dukani. Uongo mtupu. Lakini angeanzaje kuyashtaki maji ya baba yake? Akapewa matone, akatumia, jicho likazidi kuharibika.

Aliporudi, mkewe alifuatana naye. Daktari alisema wazi kwamba wakiendelea kubahatisha, jicho litakwenda, kisha akarudia swali lile. Fundi Saa akainamisha kichwa. Mkewe akamshika goti.

"Baba watoto, sema ukweli. Maji si baba yako."

Akasema. Daktari hakumgombeza. Alieleza kwamba majini, hata ya bomba, huishi kijidudu kisichoonekana kiitwacho amiba. Huenda ukakinywa miaka yote usidhurike, lakini kikinaswa chini ya lenzi hulila jicho taratibu. Hata tangi liwe safi vipi, maji yake si ya lenzi. Jicho likakwanguliwa kidogo, maabara wakakiona kijidudu chenyewe. Dawa ikabadilishwa, matone usiku na mchana, miezi na miezi.

Jicho halikung'oka, ila lilibaki na ukungu. Saa ndogo za kike akawa anawarudishia wenyewe bila kuzitengeneza, roho ikimuuma. Akaanza kulifundisha kazi jicho la kushoto, ukubwani.

Siku moja alipanda paani, akafunua tangi. Utelezi wa kijani ulikuwa umejaa kutani. Hapo ndipo alipomkumbuka baba yake mle ndani, suruali imekunjwa magotini, anasugua kuta kila mwezi hadi jasho linamtoka. Tangu mzee azikwe, yeye mwanawe aliyasifu maji kwa kila mgeni, na brashi hakuigusa hata mara moja. Akakaa pale paani akalia, na wala hakuwa akililia jicho.