Benchi la Waliochaguliwa Peke Yao

Saa mbili asubuhi, mashine inakohoa mara mbili na kugoma kutoa ukurasa wa kwanza. Mama Karatasi anaipiga kibao. "Amka na wewe! Watu wana shida zao."

Mtaa mzima unamwita hivyo, baada ya miaka kumi na mmoja ya kutoa fotokopi na kuchapa barua katika chumba kinachozidi kitanda kwa hatua mbili tu. Siku nzuri anatoa kurasa mia mbili. Umeme ukikatika, anafuta vumbi.

"Sisomi kwa umbea," anajitetea huku akicheka. "Lakini karatasi ikitoka uso juu, nifumbe macho?"

Ndivyo alivyogundua. Miaka minne iliyopita alimchapia kinyozi mmoja barua pepe: hongera, wewe pekee umechaguliwa kwa kazi nje ya nchi, tuma ada ya viza ndani ya saa arobaini na nane. Kesho yake muuza viatu akaleta barua ileile, neno kwa neno.

"Nikajiuliza, hawa wa pekee wako wangapi?"

Alimkimbilia kinyozi akamwonya mbele ya wateja wake. Kinyozi akang'aka: "Kikulacho ki nguoni mwako! Kijicho tu hicho!" Akatuma ada. Akiba yote ya harusi yake ikaenda na maji, na mpaka leo akimwona Mama Karatasi huvuka barabara.

"Linaniuma sana," anasema. "Nani anapenda kuitwa mjinga hadharani?"

Tangu hapo hamwonyi mtu mbele za watu. Anamkaribisha kwenye benchi la wateja.

Mwezi uliopita aliingia jirani yake, fundi cherehani, kifua mbele na simu mkononi. Barua yake ilikuwa na nembo, mhuri na saini. Ili apate ada, alikuwa anauza cherehani yake, na mnunuzi angeifuata saa nane mchana.

Mama Karatasi aliitambua barua, lakini akatabasamu. "Hongera, kaka! Kaa kidogo, mashine ipate moto." Kisha akampigia simu mkunga mstaafu wa nyumba ya nyuma, ambaye wiki iliyotangulia alikuja na barua ya namna hiyo wakaicheka pamoja.

Bibi akafika, akaketi kando ya fundi. "Na wewe umechaguliwa, mjukuu wangu? Hebu nisomee, macho yangu yamechoka."

Fundi akasoma kwa madaha. Kila sentensi aliyoianza, bibi aliimalizia bila kutazama simu.

Fundi akashusha simu. "Bibi, una miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja. Na barua yangu inasema naenda kuchomelea meli."

Fundi akaanza kucheka kwa aibu, akaishia kufuta machozi. Mnunuzi alipofika saa nane, alikuta cherehani inashona.

"Kazi ambayo hukuiomba, ada kabla ya mshahara, halafu haraka haraka na usimwambie mtu," anasema Mama Karatasi. "Ukiona hivyo, usitume kitu. Njoo ukae hapa kwanza."

Benchi sasa lina mto mnene, zawadi ya fundi. Mama Karatasi anapanga kuongeza la pili, ila kwenye hili la kwanza kuna nafasi moja, ile ya ukutani, anayotamani siku moja kinyozi aje kuikalia.

"Hajaoa bado," anasema, akivuta bahasha iliyojaa karatasi ngumu chini ya meza. "Kadi zake za harusi nitazichapa bure. Karatasi hizi ninamtunzia yeye."