Kanini na Bunduki Niliyoivisha Gunia

Haya nitakayowasimulia hamtayaamini, na mkiyaamini haraka basi ninyi ni ndugu wa shemeji zangu. Lakini ni kweli tupu. Hata pale nitakapotia chumvi, chumvi yenyewe ni ya kweli.

Kanini binti Muthoka ni Mkamba wa familia zilizohamia na kugawiwa mashamba kule Shimba. Alijifunza kutengeneza cherehani na redio pale Kombani, kisha kambi ya askari wa wanyamapori ikamchukua atunze bunduki. Nilimcheka: "Mwanamke na bunduki, utampikia nani?"

"Nitakupikia wewe, Mjomba, siku utakayojifunza kuleta kuni."

Tangu hapo nikamheshimu, kimya kimya.

Mwaka wa tisini na tisa mvua ilikataa. Upande wetu wa Kinango lilibaki lambo moja lenye maji, na ndovu dume mwenye waya wa mtego mguuni akalikalia. Kwa maumivu yale, kila aliyesogea alifukuzwa. Ng'ombe wangu sita walikuwa siku ya tatu bila kunywa, na mmoja alikuwa haamki tena. Daktari wa wanyama, Salimu, akaja na Kanini, akiwa amebakiwa na kishale kimoja tu cha dawa ya usingizi. Kikikosa, ng'ombe wangu basi.

Bunduki ile ya vishale ilikuwa na kioo kipya cha kulengea. Ukichungulia, unaona duara jekundu la mwanga limeelea hewani, pale kishale kitakapopiga. Kanini alikirekebisha papo hapo, kwenye jua la saa sita. Kisha yeye na daktari wakaenda kumtazama ndovu kwa mbali, wakaniachia bunduki niilinde.

Mimi ni mtu wa huruma. Nikaona chuma kinaungua. Nikachukua maji yangu ya mwisho ya kunywa, nikalowesha gunia, nikaifunga bunduki kama tunavyofunga mtungi ili maji yapoe.

Kanini aliporudi akaigusa, akakunja uso. "Nani ameiogesha hii?"

"Mimi, mwanangu. Ilikuwa na homa."

"Mjomba! Joto likibadilika, duara nalo linahama!"

"Kanini, ndovu amegeuza ubavu," daktari akasema. "Piga sasa!"

"Samahani, Daktari. Dawa ni moja. Tutangoja."

Akaianika juani irudie joto lile la kwanza. Ng'ombe wangu wanalia, nami nalia nao. Baadaye akajaribu kichuguu kwa kishale kitupu: shibiri nzima kushoto! Daktari akanyoosha mkono akaze skrubu ya kioo, Kanini akauzuia. "Kioo hakina kosa. Bado hakijashika joto lake." Akangoja tena, akajaribu tena. Katikati kabisa, na skrubu haijaguswa.

Ndipo akamlenga ndovu. Kishale kikaingia pajani. Punde dume zima likalala kama gunia la mahindi. Daktari akakata waya, akatibu kidonda, nasi tukawanywesha ng'ombe. Yule asiyeamka nilimpelekea maji kwa ndoo, akainuka mwenyewe.

Hadi leo nikimwona Kanini navua kofia. Angeweza kunitukana mbele ya watu, na ningestahili. Namshukuru Mungu, kisha namshukuru yeye. Sasa hivi amesimama nyuma yangu anasoma ninavyoandika, kwa hiyo nasema kweli: ndovu alipozinduka alitujia mbio, nami nikamdaka mkia kwa mkono mmoja, nikamvuta mpaka—

"Mkia gani, Mjomba? Ulikuwa uvunguni mwa gari la daktari, tukakutoa kwa kukuvuta miguu!"