Unga Uliofuta Rangi za Dada

Dada yangu alitengeneza batiki uani kwake Terrat, nami nilisomea kusafisha maji. Yeye alitia rangi, mimi nikaitoa, na hakuchoka kunitania kwa hilo. Maji ya majaribio yangu yalitoka kwenye ndoo zake. Maganda ya ndizi yalitoka kwa mama, kijijini Nkoaranga. Niliyachemsha, nikachanganya maji ya maganda hayo na chumvi ya zinki, nikakausha na kuchoma tanurini mpaka nikapata unga wa oksidi ya zinki, laini kuliko poda ya mtoto.

"Umesomeshwa miaka yote hiyo uje kuchoma maganda," alisema. Lakini siku nilipokoroga unga ule kwenye maji yake ya bluu na kuyaanika juani, aliacha nta yake igande, akakaa kuangalia. Unga ulipotua chini, maji yalikuwa meupe. Aliita majirani waje waone.

Nilimweleza kwamba unga huo huvunja pia mabaki ya antibiotiki majini, na kwamba hilo ni muhimu, kwa sababu dawa zikizagaa mitoni vijidudu huzizoea, na siku mtu akiugua hazimsaidii. Alinisikiliza nusunusu, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Kisha akajikata mguu kwa bati, kidonda kikaoza. Hospitalini walimpa dawa, wakabadilisha, wakabadilisha tena. Daktari alituita kando, mimi na mama, akasema vijidudu vimekuwa sugu. Mama alinigeukia nimfafanulie kwa Kimeru. Nilielewa kila neno la yule daktari na nilichukia kulielewa. Chuoni nilishangilia dawa zikitoweka kwenye chupa zangu. Pale nilitaka moja tu, yoyote, imkubali dada yangu.

Asubuhi moja, wodini, dada alinivuta mkono. "Mdogo wangu, nikorogee ule unga wako ninywe. Si unasafisha?"

"Dada, ule ni wa maji tu. Hauingii mwilini."

"Jaribu."

Nikasema lililonijia kwanza. "Hata hivyo haufanyi kazi bila jua."

Alijaribu kuinuka. "Basi nitoeni nje."

Sikuwa na nguvu ya kumweleza tena. Mimi na mama tulimbeba mpaka barazani, tukamkalisha, nikamfunua mguu kama alivyotaka. Alifumba macho akangoja. Jua liliposogea alituomba tumsogeze nalo, tukamsogeza.

Tulimzika Nkoaranga wiki ile ile.